Somo: Kulisha nyanya kwenye mchanga wa Malindi

Asalaam aleikum ndugu zangu na dada zangu wa shamba.

Kila nikishika simu nakuta picha ya jani la manjano na swali lile lile: "Nitie nini?" Nimejibu mpaka vidole vimechoka, na mara nyingi aliyeuliza ameshatia kitu kabla sijamaliza kuandika. Leo naandika yote mahali pamoja. Shamba langu liko njia ya Ganda, udongo mchanga mtupu wenye vipande vya tumbawe, kisima cha maji ya chumvi kidogo, na mazao yangu makubwa ni nyanya. Wa pilipili na biringani nao somo linawahusu, mimea hii ni ya ukoo mmoja.

1. Jua udongo wako kabla ya kwenda dukani.

Chukua udongo mkavu kiganja kimoja, uweke kwenye kisahani, udondoshee siki ya jikoni, kisha sogeza sikio. Ukisikia shiii na ukaona povu, udongo wako una chokaa. Sehemu kubwa ya ukanda wetu, hasa karibu na bahari, utachemka. Mwenye udongo huo asitie chokaa wala majivu. Najua tumekua tukiona majivu ya jikoni yakimwagwa bustanini, na kwenye udongo mwekundu wenye uchachu yanafaa kweli. Kwenye tumbawe unaongeza kilichokwisha kuzidi, na chokaa ikizidi, mmea unashindwa kuchukua chuma, zinki na fosforasi hata kama vyote vimo ardhini.

2. Onja maji.

Maji ya kisima yakiwa na chumvi, hayo ni sehemu ya mbolea yako utake usitake. Usinunue potasiamu ya aina ya MOP, ile ina kloridi, utakuwa unaongeza chumvi juu ya chumvi. Tafuta SOP, yaani salfeti ya potasiamu. Bei yake iko juu, lakini ndiyo inayostahimilika kwa maji yetu.

3. Samadi iliyoiva, konzi mbili kila shimo.

Ya mbuzi au ya ng'ombe, iliyokaa miezi mitatu ikigeuzwa. Ingiza mkono katikati ya lundo: kukiwa na joto, bado. Mchanga wetu hauna kitu cha kushikilia mbolea, ukitia leo mvua inashuka nayo chini kesho. Samadi ndiyo inayoishika. Asiye na samadi asianze kununua mifuko.

4. Mbolea ya kupandia.

Kijiko kimoja cha mezani cha TSP, mbolea ya fosforasi, kila shimo, changanya na udongo na samadi, kisha mche. DAP, yenye fosforasi na naitrojeni, inafaa pia, ila kwenye udongo wenye chokaa hutoa hewa kali ya amonia inayochoma mizizi michanga, kwa hiyo isiguse mche. Weka udongo wa vidole vinne katikati.

5. Mbolea ya kukuzia.

Mche ukifika urefu wa shubiri moja na ushee, tia CAN, mbolea ya naitrojeni, kizibo kimoja cha soda kila mmea. Baada ya wiki mbili kizibo kingine, baada ya wiki mbili nyingine cha mwisho. Itie kwenye mchoro wa duara shubiri moja kutoka kwenye shina, fukia, mwagia maji. Kwenye mchanga, kidogo kidogo mara nyingi ni bora kuliko kingi mara moja. Yuria iliyoachwa juu ya mchanga wa moto inapaa hewani, na pesa zako zinapaa nayo.

Maua yakianza kufunguka, punguza CAN na uanze SOP, kizibo kimoja, rudia baada ya wiki tatu. Naitrojeni hujenga majani, potasiamu hujaza tunda. Mmea uliojaa majani kama mchicha na hauna nyanya umeshibishwa CAN.

6. Majani yakigeuka manjano, SIMAMA.

Hapa ndipo nilipoumia, na hapa naomba msome polepole.

Mwaka 2019 nilipanda mistari kumi na miwili ya nyanya za mbegu ya Cal J. Wiki ya tano majani ya juu, yale machanga kabisa, yakaanza kuwa manjano na mishipa yake ikabaki kijani, kama mtu amechora ramani. Nikachukua jani moja mpaka dukani. Nikaambiwa naitrojeni imekwisha, ongeza CAN. Nikaongeza vizibo viwili. Baada ya wiki jani likawa jeupe zaidi, nikaongeza tena. Kumbuka nilikuwa namwagilia maji ya kisima. Asubuhi moja nikaona juu ya tuta utando mweupe kama unga wa ngano. Nikaugusa kwa ulimi: chumvi. Kingo za majani zilikuwa zimekauka hudhurungi na maua yalikuwa chini, mstari mzima. Kwenye mistari kumi na miwili nilivuna kreti mbili. Ada ya shule ya mwanangu muhula ule ilikuwa ndani ya shamba lile.

Mimea ile haikuwa na njaa ya naitrojeni. Ilikosa chuma, kwa sababu ya chokaa ya udongo, na mimi nikaiongezea chumvi.

Tangu siku ile, kabla ya kufungua mfuko wowote najiuliza: ni majani ya JUU au ya CHINI? Naitrojeni, magnesiamu na potasiamu mmea unaweza kuzihamisha. Zikipungua, unanyang'anya majani ya wazee ili kulisha machanga, kwa hiyo dalili huanza chini. Chuma na kalsiamu hazihamishiki hivyo, na dalili huanza juu.

Chini, jani zima limepauka: naitrojeni. Chini, manjano katikati ya mishipa na mishipa kijani: magnesiamu, pulizia chumvi ya Epsom gramu 200 kwenye bomba la lita 20, jioni. Chini, kingo zimeungua: potasiamu, au chumvi, kwa hiyo angalia maji kwanza. Upande wa chini wa jani una rangi ya zambarau kwenye mche mdogo: fosforasi. Juu, manjano na mishipa kijani: chuma. Kwa udongo wetu nunua mbolea ya chuma iliyoandikwa EDDHA kwenye pakiti. Ile ya EDTA huvunjika kwenye udongo wenye chokaa nyingi kabla mzizi haujaipata. Kipimo fuata cha pakiti, imwage kwenye mzizi.

ONYO: majani machache ya chini kabisa yakizeeka na kugeuka manjano mmea ukiwa na matunda, huo ni uzee. Yakate, usitie kitu.

ONYO la pili: ukiona utando mweupe juu ya tuta, acha mbolea zote. Osha udongo kwa maji matamu, mengi, mara mbili tatu, mpaka chumvi ishuke chini ya mizizi.

7. Nyanya kuoza kitako.

Kile kidonda cheusi kikavu chini ya tunda ni kalsiamu kutofika kwenye tunda. Udongo wetu umejaa kalsiamu. Kisichofika ni maji ya kuibeba. Ukimwagilia leo debe na kukaa siku nne, tunda litaoza kitako hata ukipanda juu ya kiwanda cha chokaa. Mwagilia kidogo kila siku, tandaza nyasi kavu au makuti mazee juu ya tuta, usizidishe CAN. Ukitaka kusaidia, kalsiamu naitreti gramu 100 kwa lita 20. Usiichanganye kwenye bomba moja na Epsom, SOP wala mbolea yoyote ya fosforasi. Itaganda kama maziwa yaliyokatika na kuziba pua ya bomba.

Maswali yaje hapa chini.

—

Mkulima Mambrui: Kaka asante. Nyanya zangu majani manjano. Nitie nini?

Mwandishi: Ya juu au ya chini?

Mkulima Mambrui: Manjano tu kaka. Nishatia CAN jana.

Mwandishi: Hatua ya 6. Soma, nenda shambani, urudi.

Mama Wawili: Shikamoo mwalimu. Mimi nahifadhi maganda ya mayai mwaka mzima, nayasaga na kutia kila shimo kwa ajili ya kuoza kitako. Bado nyanya zinaoza. Nakosea wapi?

Mwandishi: Marahaba dada yangu. Kazi ya kuyasaga si ndogo, na uliona sawa kwamba ni kalsiamu. Lakini ganda la yai ni chokaa ile ile ya tumbawe, na linahitaji udongo wenye uchachu ili liyeyuke. Kwenye udongo wetu litakaa hivyo hivyo miaka. Jaribu hili: chukua mimea kumi, itandaze nyasi unene wa kiganja na uimwagilie kila asubuhi. Kumi mingine iache kama ulivyozoea. Hesabu matunda mabovu kila upande. Yale maganda wape kuku, yatawafaa.

Mama Wawili: Nitafanya kesho inshallah. Na nyasi zikileta mchwa?

Mwandishi: Acha nafasi ya vidole vitatu kuzunguka shina, zisiliguse.

Dalali wa Soko: Mbona wataalamu wanasema NPK 17-17-17 inatosha mwanzo mpaka mwisho? Unawachanganya watu na majina mengi.

Mwandishi: Sijasema ni mbaya. Ina naitrojeni, fosforasi na potasiamu sawa kwa sawa, na nyanya haili sawa kwa sawa maisha yake yote. Kwenye matunda inataka potasiamu zaidi. Tena kwenye udongo wa chokaa, ile 17 ya katikati nyingi inafungwa usipoichanganya na samadi. Kama ndiyo pekee uliyo nayo, itumie kupandia, na ukuzie kwa CAN. Majina nimeyaandika kwa sababu ndiyo yaliyoandikwa kwenye mifuko.

Kijana wa Gede: Mimi nimefuata kila kitu, samadi, TSP, CAN kidogo kidogo, maji ya mfereji si ya kisima. Mimea imedumaa, mchana inalegea hata tuta likiwa na unyevu, jioni inainuka. Majani yamepauka yote juu na chini. Nimechanganyikiwa.

Mwandishi: Umeeleza vizuri sana ndugu, umenirahisishia. Ng'oa mmea mmoja ulio dhaifu, lakini uchimbe kwa jembe, usivute. Suuza mizizi kwenye ndoo. Uniambie ikoje.

Kijana wa Gede: Ina vinundu! Kama shanga zimeshonwa kwenye uzi.

Mwandishi: Minyoo fundo. Inapenda mchanga wetu. Mbolea yote unayotia haipiti kwenye mzizi huo. Usiongeze kitu hata kimoja. Vuna unachoweza, ng'oa mimea na mizizi yake, uichome, usiitupe kwenye mboji. Eneo hilo usirudishe nyanya, pilipili, biringani wala bamia. Panda marejea (sunn hemp) msimu ujao, na mwaka unaofuata tafuta mbegu ya nyanya iliyoandikwa N kwenye herufi za ukinzani, yaani inayostahimili minyoo hii. Samadi nyingi iliyoiva husaidia pia, wadudu wa udongo wanaokula minyoo huongezeka.

Bi Mkubwa: Maua yote yanapukutika. Nilipanda Januari. Potasiamu gani nzuri?

Mwandishi: Shikamoo mama. Hakuna potasiamu itakayoyazuia. Machi usiku wetu ni wa joto sana, na nyanya ikikosa usiku wa baridi, chavua hufa na ua huanguka. Okoa pesa yako. Sia mbegu kitaluni mwishoni mwa Mei, mvua kubwa ikianza kupungua, ili maua yakutane na baridi ya Julai na Agosti, kusi ikivuma.

Mkulima Mambrui: Nimerudi. Ni ya juu. Mishipa kijani. Na udongo umechemka na siki.

Mwandishi: Ahsante kwa kurudi. Ni chuma. EDDHA kwenye mzizi, jioni. Majani ya zamani hayatarudi kijani, wewe tazama yale yatakayochipuka baada ya wiki. CAN acha kwa wiki mbili, ile ya jana inatosha.

Msafiri wa Lamu: Ami, huku kwetu samadi ya mbuzi ni ya kutafuta, lakini punda tele. Kinyesi cha punda chafaa? Na mwani unaotupwa pwani wakati wa kusi?

Mwandishi: Swali zuri hili. Punda hasagi chakula kama ng'ombe, mbegu za magugu hutoka nzima. Ukitia hivyo hivyo utapalilia mpaka uchoke. Ilundike iwe na kimo cha kiuno, ilowe, ifunike makuti, ndani ipate joto kiasi cha kutoweza kuacha mkono. Igeuze kila baada ya wiki, ya nje iingie ndani. Mara nne au tano hivi, kisha iache ipoe. Naitrojeni yake si nyingi, ukipata matumbo ya samaki yachanganye katikati ya lundo na uyafukie sana, la sivyo paka wote wa mtaa watakuwa wageni wako.

Mwani una potasiamu nzuri, ila una chumvi ya bahari. Utandaze mahali mvua itaupiga, au uoshe kwa maji matamu mara tatu, uukaushe, ndipo uukatekate kwenye lundo. Sehemu moja ya mwani kwa kumi za kinyesi.

Msafiri wa Lamu: Na mashapo ya makumbi?

Mwandishi: Yanashika maji sana, yanafaa kwa mchanga. Uliza kwanza makumbi yalilowekwa wapi. Kama ni baharini, kwa ajili ya kamba, osha mpaka ukionja maji yake usisikie chumvi.