Somo: Namna ya kuvizia miali ya gama kutoka galaksi za mbali

Wakuu, niliwaahidi somo la miali ya gama (mwanga usioonekana kwa macho, wenye nguvu kupita hata eksirei), leo deni nalilipa. Mfano wetu ni darubini za H.E.S.S., nyanda za juu za Khomas, Namibia, mita 1800 hivi toka usawa wa bahari. Shabaha ni PKS 2155-304, galaksi ambayo shimo jeusi la katikati yake linarusha mkondo wa chembe karibu kabisa kuelekea kwetu.

Hatua ya 1. Subiri giza totoro. Mbalamwezi ni adui.

Hatua ya 2. Sahau kuuona mwali wenyewe, maana haufiki chini. Ukigonga hewa, kilomita 10 hadi 20 hivi juu, unazaa elektroni na positroni (pacha wa elektroni mwenye chaji chanya), nazo zinazaa nyingine, hadi inakuwa mvua ya chembe. Chembe hizo huupita mwendo wa mwanga (wa ndani ya hewa, msinirukie!). Mmeshaona boti ya injini inavyoacha mawimbi yenye pembe nyuma yake? Ndivyo zinavyoacha mwanga hafifu wa buluu, nanosekunde (sehemu ya bilioni ya sekunde) chache tu, ukitua chini kwenye duara lenye upana wa mita 250 hivi.

Hatua ya 3. Unase mwanga huo. Darubini yenye upana wa mita 12 ina vioo 382 na kamera yenye macho (vihisi vya mwanga) 960. Tukio huhifadhiwa pale darubini mbili au zaidi zinapoliona kwa pamoja.

Hatua ya 4. Chuja. Hapa ndipo penye jasho, kwa sababu protoni zinazotoka anga za mbali nazo huleta mvua kama hiyo, tena kwa wingi mno. Picha ya gama ni nyembamba, mfano wa punje ya mchele. Ya protoni imechanika-chanika.

MASWALI

– Mkuu, kwa nini wasitumie setilaiti tu?
Ipo, Fermi, tangu 2008. Ila kigunduzi chake ni kama meta moja ya mraba, na miali yenye nguvu zaidi ni adimu. Darubini za chini zinatumia anga la juu yao kama kigunduzi.

– Tutajuaje miali inatoka karibu na shimo jeusi?
Julai 2006 PKS 2155-304 iliwaka ghafla kwa miali ya gama iliyobadilika ndani ya dakika tatu hivi. Kitu kikubwa hakiwezi kupepesa haraka namna hiyo, maana mwanga wenyewe huchukua muda kukivuka, kwa hiyo chanzo ni kidogo.

– Sina darubini, nifanyeje?
Data za Fermi ni bure mtandaoni. Anza na Python (lugha ya kuandikia programu) na bando la kutosha.