Tangulizeni maji, maua yafuate

Kwa wenzangu mnaosimamia majengo ya ofisi hapa Kampala, hasa yale yaliyo kwenye miteremko ya Nakasero na Kololo, nawasihi kwamba mnapokarabati sehemu ya kuingilia msichague hata ua moja kabla ya kujua maji ya mvua yatapita wapi. Udongo wetu mwekundu, ukisombwa na mvua kubwa za Machi hadi Mei, hufika hadi mapokezi na kutia madoa sakafu mpya iliyogharimu fedha nyingi. Njia ya wageni ipewe mteremko wa takriban sentimita 2 kwa kila mita 1, ukielekea mbali na mlango, na kingo zake zipandwe nyasi za paspalamu, ambazo huushika udongo vizuri na huvumilia kivuli kiasi.

Kuhusu miti, mimi napendelea musambya, kama Waganda wanavyouita, kwa kuwa ni wa kienyeji na hutoa maua ya njano yanayoonekana tangu barabarani. Mitende ya mapambo inapendeza, ila kivuli chake ni haba. Musambya upandwe mita kadhaa kutoka ukutani, mvua zinapoanza, ili mizizi ishike kabla ya kiangazi.

Njia ya viti vya magurudumu isipande zaidi ya sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za urefu, na tafadhali vyungu vikubwa vya maua visiwekwe juu yake, jambo ninalolikuta mara nyingi mno.