Benki imekunyima mkopo? Hivi ndo unavyoomba mkopo wa muda mfupi bila kuingia mtegoni

Benki ikikukatalia usitoke pale mlangoni ukaanza kubofya kila tangazo la "pesa ndani ya dakika 5". Najua hali inavyokuwa, ada inadaiwa au mgonjwa yuko kitandani, kichwa kinawaka moto, na ni wakati huo huo watu wanasaini vitu ambavyo wakiwa wametulia wasingevigusa kabisa. Naomba ufuate huu utaratibu, hata kama una haraka.

Hatua ya kwanza, ulizia umekataliwa kwa nini. Wengi wanairuka hii kwa aibu. Rudi kwa afisa mikopo, muulize kwa upole, na ikiwezekana akuandikie. Mara nyingi ni kwamba kipato chako hakionekani kwenye akaunti kwa sababu unalipwa taslimu, au una makato mengine yanayomaliza mshahara, au huna dhamana, au taarifa zako za mikopo ni mbaya. Mimi ilikuwa hii ya mwisho. Afisa alinigeuzia skrini nikaona mstari mmoja tu, mkopo mdogo wa kwenye simu niliomaliza kulipa miaka miwili nyuma, bado umeandikwa haujalipwa! Meseji ya malipo nilikuwa nayo. Nikaomba ripoti yangu kwenye taasisi inayotunza taarifa za mikopo, nikajaza fomu ya kupinga, nikaambatanisha skrinshoti ya ile meseji na stetimenti ya mwezi ule, na ule mstari ukafutwa. Nchi nyingi zinamruhusu mtu kuiona ripoti yake na kupinga kilichokosewa, kwaiyo iombe hata kama unadhani uko safi.

Alafu chukua karatasi uandike mambo matatu: unahitaji shilingi ngapi hasa, utalipa kwa hela ipi, na hiyo hela inaingia tarehe gani. Mkopo wa muda mfupi ni wa kuziba pengo mpaka hela unayoijua ifike, yaani mshahara, mavuno, mteja anayekudai risiti ili akulipe. Ukifika kwenye jambo la pili ukakosa cha kuandika, usiombe. Nenda kaongee na yule anayekudai akupunguzie au akugawie malipo kwa awamu, shule, hospitali na wenye nyumba wengi wanakubali kama umewafuata mapema kabla hawajakutafuta wenyewe, na muda wa kupewa ni rahisi kuliko mkopo wowote.

Ukiona lazima ukope, anza na walio karibu. Mwajiri wako anaweza kukupa advansi ya mshahara, mara nyingi bila riba. Ndugu au rafiki nae yupo, ila muandikishane, kiasi na tarehe, wote wawili msaini, maana maneno matupu yameua undugu mwingi. Baada ya hapo chama cha akiba na mikopo. Hivi vyama chimbuko lake ni watu wa aina yetu hii hii, huko Ujerumani mwaka 1864 Friedrich Wilhelm Raiffeisen alianzisha kimoja Heddesdorf ambacho wakulima wasiokopesheka walidhaminiana wao kwa wao, na mpaka leo kazi ni ile ile. Shida ni kwamba vingi vinataka uwe umeweka akiba kwa miezi kadhaa kwanza, kwaiyo kama huna dharura saivi, jiunge saivi. Zipo pia taasisi ndogo za fedha zinazokopesha kwa kikundi, na kuna kuweka kitu rehani, ambapo kwa kawaida ukishindwa unapoteza hicho kitu na deni linaishia hapo. Mikopo ya kwenye simu niiweke mwisho. Na mtu anayetaka kubaki na kadi yako ya benki pamoja na namba ya siri, huyo achana nae hata akikupa riba ndogo, anakuwa ameshika mshahara wako wote.

Ukishampata wa kumuomba, hakiki leseni yake. Usibofye linki aliyokutumia yeye, ingia mwenyewe kwenye orodha ya mamlaka inayosimamia wakopeshaji au piga simu uulize. Kwa programu za simu angalia ruhusa inazoomba. Google Play tangu 2023 inakataza programu za mikopo kusoma namba za watu kwenye simu yako na picha zako, kwaiyo ikikuomba hivyo, au umetumiwa faili uiweke nje ya duka la programu, ifute, watakuja kuwapigia wazazi wako na bosi wako ukichelewa siku moja. Na yeyote anayesema tuma kwanza hela ya bima au ya kufungua faili ndo upewe mkopo ni tapeli, hamna mjadala.

Nyaraka andaa mapema: kitambulisho, stetimenti ya miezi 3 mpaka 6, slipu ya mshahara au daftari la mauzo kama unafanya biashara, uthibitisho wa unapoishi, na wadhamini. Kwenye fomu taja madeni yako yote, mengi wanayaona hata usipoyataja na ukionekana umeficha unakataliwa kwa hilo hilo. Kiasi omba kile ulichoandika kwenye karatasi, usiongeze kwa sababu tu umeambiwa "unastahili zaidi". Mdhamini muone ana kwa ana umwambie ukweli, kwamba nikishindwa watakufuata wewe, akisita usimlazimishe.

Sasa hapa kwenye kusaini ndo pa kukaa sana. Uliza nitapata shilingi ngapi mkononi, nitarudisha ngapi jumla, na lini. Tuseme umeomba 10,000, wanakata 1,500 ya usindikaji, unapata 8,500, na baada ya siku 30 unarudisha 10,000. Wao watakwambia ni asilimia 15, ila wewe umelipa 1,500 kwa kutumia 8,500, ambayo ni kama asilimia 17.6 kwa mwezi mmoja, zaidi ya 200 kwa mwaka. Uliza tena kama riba inapigwa kwenye deni lililobaki au kwenye mkopo wote mpaka mwisho. Ukikopa 12,000 kwa miezi 6 kwa asilimia 5 kwa mwezi, huku unapunguza 2,000 kila mwezi, riba ya deni lililobaki inafika 2,100, ila wakiipiga kwenye mkopo wote ni 3,600. Asilimia ni ile ile, karatasi mbili tofauti kabisa!

Soma pia kipengele cha kuchelewa na cha kuongezewa muda. Kwenye ule mfano wa 10,000, ukilipa 1,500 kila mwezi ili usogezewe tarehe, ukisogezewa mara nne utakuwa umetoa 7,500 ukihesabu na ile ya mwanzo, na bado unadaiwa 10,000 kamili. Uingereza tangu Januari 2015 wameweka sheria kwamba kwenye mikopo hii riba, ada na faini zote kwa pamoja haziruhusiwi kuzidi kiasi ulichokopa. Mkataba wako usipokuwa na ukomo wowote wa aina hiyo, mimi nakushauri usisaini. Ukisaini, ondoka na nakala yako.

Hela ikiingia itumie kwa kile ulichoiombea siku hiyo hiyo. Ukiona tarehe inakaribia na haujakamilisha, wapigie kabla haijafika, kwa maandishi pia, uombe kupangiwa upya. Ukimaliza kulipa dai barua ya kumaliza deni, chukua kitu chako kama uliweka dhamana, mjulishe mdhamini wako kwamba yuko huru, na baada ya mwezi au miwili omba tena ripoti yako ya mikopo uone kama wameandika kweli umelipa.