Jinsi ya kupata kikao cha AA Moshi na kuingia kwa mara ya kwanza

Tangu nimsindikize shemeji yangu kwenye kikao cha kuacha pombe, majirani hapa Pasua wananivuta pembeni wakiniuliza vikao hivyo vinakofanyikia na mtu akifika anafanyaje. Naandika mara moja nisirudie kila siku. Nazungumzia Alcoholics Anonymous, maarufu AA, ushirika wa walevi wanaosaidiana kuacha pombe. Wa Arusha, hatua ni zilezile.

1. Kama unakunywa kila siku, anzia hospitali

Ikiwa mikono inatetemeka asubuhi mpaka upate ya kwanza, usiache ghafla ukiwa peke yako chumbani. Degedege linaweza kukupata ndani ya siku mbili za mwanzo, na baada yake kuchanganyikiwa na kuona visivyokuwepo. Watu hufa hivyo. AA hawatoi dawa. Nenda Mawenzi au KCMC, useme ukweli kuhusu kiasi unachokunywa. Hapo KCMC suala hili si geni: majeruhi wa idara ya dharura waliwahi kuandaliwa ushauri maalumu ulioitwa Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Na mbege, pombe yetu ya ndizi, ihesabu pia, usiniambie ni chakula.

2. Tafuta kikundi

Kuna programu ya simu ya bure, Meeting Guide, inayoonyesha vikao vya vikundi vilivyopeleka taarifa zao. Mimi naamini zaidi muuguzi wa afya ya akili, maana yeye ana namba ya mtu aliye hai.

3. Hakikisha mahali na saa kabla hujatoka nyumbani

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kisha wanarudi nyumbani wakipitia kilabuni. Usitegemee kuona bango, kwa sababu msingi wa AA ni kutotajana. Mara nyingi huazima chumba cha kanisa au cha hospitali, na mwenye chumba akikihitaji, kikao kinahama. Tangazo unalotumiwa WhatsApp laweza kuwa la mwaka juzi. Kwa hiyo piga simu, usitume ujumbe, uongee na mtu anayehudhuria.

Uliza saa kwa maneno kamili. Shemeji aliambiwa "saa saba" na mtu aliyesoma 7:00 ya jioni kwenye karatasi. Tukafika mchana wa jua kali, mlinzi akatuapia kwamba hapo hakuna kikao chochote, na kwa saa ile alikuwa sahihi. 7:00 ya jioni ni saa moja usiku, basi. Kama unayeongea naye ni mgeni kutoka nje ya nchi, mwambie ataje na jua: limezama au bado?

Uliza na mlango upi, na getini mnajitambulisha kwa jina gani. Hutaki kusimama mbele ya mlinzi ukitafuta "kikao cha walevi" huku mama wa kwaya anapita.

Uliza lugha. Kama kinaendeshwa kwa Kiingereza na hukimudu, utakaa pale kama gunia.

Uliza kama ni cha wazi au cha faragha. Cha wazi hata mke au kaka anaweza kuketi. Cha faragha ni cha mwenye nia ya kuacha pombe tu, msindikizaji anabaki nje.

Desemba piga simu upya hata kama unahudhuria kila wiki. Mji unajaa watu waliorudi kwao, ratiba zinavurugika, na ndicho kipindi ambacho kila boma lina mtungi. Ukiwa kijijini, vikao vya Zoom vitakusaidia. Tafuta vya Nairobi, saa zao ni sawa na zetu. Vya London viko nyuma yetu saa tatu, au mbili wakati wa kiangazi chao. Lakini usivifanye mazoea kama unaweza kufika ana kwa ana. Kwenye simu ni rahisi mno kuzima kamera na kwenda kufungua chupa.

Usafiri: panda daladala. Bodaboda wa mtaani kwako atajua ulikoshukia, na jioni kijiwe kizima kitajua.

4. Ingia

Wahi kidogo. Jina moja linatosha. Hakuna ada; kapu la michango likipita, mgeni halazimiki kutoa. Zamu yako ya kuongea ikifika, sema "leo nasikiliza tu" na hakuna atakayekubana. Mwenzako akiongea usimkatize wala kumshauri.

AA si dhehebu. Ilianzishwa Marekani mwaka 1935 na walevi wawili, dalali wa hisa na daktari wa upasuaji. Utasikia habari za Nguvu iliyo kuu kuliko sisi, lakini kila mtu huielewa kwa imani yake. Muislamu hatabatizwa.

5. Kabla ya kuondoka

Chukua namba za simu, angalau mbili. Baadaye utachagua sponsa, mtu aliyekutangulia kuacha ambaye unampigia hamu ikikushika. Ni vizuri mwanamume ashikwe mkono na mwanamume, mwanamke na mwanamke. Hata hizo namba za leo zipigie kesho yake, ili siku ya shida isiwe ndiyo mara yako ya kwanza kupiga.

Familia wana kikundi chao, Al-Anon. Mke asiambiwe asubiri wewe upone kwanza. Anaweza kuhudhuria hata kama wewe bado unakunywa.