Jinsi ya Kutumia Zana za Bure za Mtandaoni Katika Somo la Lugha

Kabla ya kufungua tovuti yoyote, mwalimu wa lugha aandike katika andalio la somo jambo moja ambalo wanafunzi watakuwa wanaliweza kipindi kitakapokwisha, kisha ndipo atafute zana ya kulitimiza. Anayeanza na zana hujikuta nusu ya kipindi imeishia kwenye kufungua akaunti na kukumbushana nywila, huku lugha yenyewe haijaguswa. Kwa darasa ambalo halijazoea mambo haya, zana mbili kwa muhula zinatosha.

Faida ya haraka zaidi imo katika kusikiliza, kwa kuwa mwalimu ana sauti moja na lafudhi moja, ilhali mtandaoni wamo wasemaji wa kila aina. Tovuti ya LibriVox, iliyoanzishwa mwaka 2005, imekusanya vitabu vilivyosomwa kwa sauti na watu wa kujitolea katika lugha nyingi, na kwa sababu vitabu vyenyewe haviko tena chini ya hakimiliki nchini Marekani, rekodi zake hupakuliwa bila malipo na bila akaunti. Vitabu hivyo vingi ni vya zamani na lugha yake wakati mwingine imechakaa, kwa hiyo achague kifungu chenye mazungumzo au masimulizi mepesi, akate kipande cha sekunde 30 hadi 40 kwa programu ya bure ya Audacity, na akitaka apunguze kasi yake. Programu hiyo inaweza kufanya hivyo bila kuifanya sauti ya msemaji iwe nzito.

Darasani, mara ya kwanza wanafunzi wasikilize kalamu zikiwa chini, na waulizwe tu ni nani anayezungumza na anazungumzia nini. Mara ya pili waandike maneno wanayoyanasa, hata yakiwa matatu, kisha wakae wawiliwawili waunganishe walichonacho na kuijenga upya aya nzima. Mara ya tatu wasikilize kwa kasi ya kawaida huku wakisahihisha, ndipo waoneshwe matini. Wawili hao wanapobishana kama kitenzi kilikuwa katika wakati uliopo au uliopita, somo la sarufi linafanyika wenyewe wakiwa ndio walimu, na mwalimu asiharakishe kulikatiza kwa kutoa jibu. Kwa matamshi ya neno mojamoja, tovuti ya Forvo inafaa, kwa kuwa ina sauti za wazawa wa lugha husika, mara nyingi zaidi ya mmoja kwa neno lile lile.

Kuhusu msamiati, mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionesha mwaka 1885 kwamba mtu husahau sehemu kubwa ya alichojifunza mapema sana, na kwamba marudio yaliyoachanishwa kwa siku huhifadhi zaidi kuliko yaliyorundikwa mara moja. Programu ya Anki, ya kukariri kwa kadi zenye swali mbele na jibu nyuma, imejengwa juu ya kanuni hiyo: kadi unayoikosea hurudi upesi, unayoijua hucheleweshwa. Ni ya bure kwenye kompyuta na kwenye simu za Android, ila toleo la iPhone hulipiwa. Kadi yenye neno upande mmoja na tafsiri upande wa pili ni dhaifu. Afadhali upande wa mbele uwe na sentensi yenye pengo, na wa nyuma uwe na neno lililokosekana pamoja na sauti yake. Wanafunzi wenyewe wazitunge kadi hizo kutokana na matini waliyosoma, na mwalimu azikague kabla hazijatumika, kwani kosa lililoingia kwenye kadi litakaririwa kwa bidii ile ile.

Michezo ya maswali yenye saa na alama huchangamsha darasa, lakini kwa maoni yangu inafaa kwa marudio tu, kwa maana humtuza mwepesi wa kubonyeza kuliko anayefikiri. Mashine za kutafsiri nazo hazizuiliki, hivyo ni heri zitumiwe hadharani: wanafunzi wapewe aya iliyotafsiriwa na mashine, waitafutie makosa na kueleza kwa nini kila moja ni kosa.

Pale intaneti inapokatikakatika, programu ya Kiwix humwezesha mwalimu kupakua Wikipedia au Wikamusi nzima mapema na kuifungua darasani nje ya mtandao. Sauti na video ambazo wenyewe wanaruhusu zipakuliwe ziwekwe pia kwenye kompyuta siku moja kabla. Wanafunzi walio wadogo wasifunguliwe akaunti kwa majina yao kamili, na zana inayodai namba ya simu au tarehe ya kuzaliwa iachwe maadamu kuna nyingine isiyodai.

Baada ya wiki nne, mwalimu atoe imla fupi kwenye karatasi, vifaa vyote vikiwa vimezimwa, akitumia maneno na miundo iliyopitiwa kwa zana hizo. Maneno yasiyoonekana kwenye karatasi yataonesha ni zana ipi ya kuachwa muhula ujao.