Somo: Majina ya vifaa yakae wapi ndani ya Linux

Ukitoa amri ya lspci, inayoorodhesha vifaa vya PCI, kadi ya video inatajwa kwa jina kamili. Jina hilo halitoki kwenye kadi. Kadi inatoa namba: ya mtengenezaji na ya modeli. 8086 ni Intel, 10de ni NVIDIA. Majina yamo kwenye faili la pci.ids.

Hatua ya 1. Andika `lspci -nn` uzione namba zenyewe kwenye mabano.

Hatua ya 2. Tafuta faili ndani ya /usr/share/misc au /usr/share/hwdata, kutegemea toleo lako la Linux. Hapo ndipo mahali pake: data ni ileile kwa kila aina ya prosesa, na mfumo hauiandiki ukiwa kazini. Usiihariri kwa mkono. Mimi niliwahi kuongeza majina humo, sasisho lilipokuja yote yakafutika.

Hatua ya 3. Nyongeza zako ziende /etc/udev/hwdb.d, folda ya udev, programu ya Linux inayoshughulikia vifaa. Tengeneza 90-yangu.hwdb (mfano huu ni wa kifaa cha USB):

```
usb:v046DpC52B*
 ID_MODEL_FROM_DATABASE=Kipokezi cha mezani
```

Mstari wa pili uanze na nafasi moja. Herufi zilizo ndani ya namba ziwe kubwa. Ukiandika c52b hutaona onyo lolote, ila jina litabaki lilelile, na utahangaika sana kutafuta kosa.

Hatua ya 4. `sudo systemd-hwdb update`, kisha hakiki: `systemd-hwdb query 'usb:v046DpC52B'`.

MASWALI

Mkuu, nikifuta pci.ids draiva zitakufa?
Hapana. Draiva huchaguliwa kwa kulinganisha namba na faili la modules.alias, ndani ya /lib/modules. Utapoteza majina tu.

Hatua ya 4 imezalisha /etc/udev/hwdb.bin. Si /etc ni ya mipangilio inayoandikwa na mtu? Kwa nini isiwe /var, ya data inayobadilika?
Swali zuri sana, na hata mimi sipendi kuona faili la baineri ndani ya /etc. Ila udev inalihitaji mapema mashine inapowaka, na /var huenda iko kwenye diski ambayo bado haijaunganishwa. Nayo /usr inaweza kuwa ya kusomwa tu. Ndiyo maana watengenezaji wa mfumo huweza kutumia `--usr`, faili likaenda /usr/lib/udev. Wewe uliyeongeza majina yako, liache /etc. Udev huanza kusoma la huko.