Jinsi ya Kukadiria Athari ya Kodi za Mauzo kwa Bei ya Nyumba Nchini Kenya

Kisheria, mnunuzi ndiye hulipa ushuru wa stempu, ambao ni 4% mijini na 2% mashambani, naye muuzaji hulipa kodi ya ongezeko la mtaji, yaani kodi ya faida anayopata kwa kuuza, iliyorejeshwa mwaka 2015 kwa kiwango cha 5% na kupandishwa hadi 15% kuanzia Januari 2023. Anayeumia hasa hujulikana katika mapatano ya bei, na kwa hiyo mimi, nikiwa mthamini wa majengo, hufanya hesabu hii kabla ya pande mbili kukutana.

Hatua ya 1. Tafuta kikomo cha mnunuzi. Mwenye shilingi 10,400,000 za kununulia nyumba Nairobi hawezi kupita bei ya 10,000,000, kwa kuwa 400,000 ni za stempu, mbali na ada ya wakili.

Hatua ya 2. Tafuta kikomo cha muuzaji. Jumlisha bei aliyonunulia, stempu na ada alizolipa wakati huo, na ukarabati wenye risiti. Tuseme ni 6,000,000. Akiuza kwa 10,000,000, kodi yake ni 600,000, ilhali kwa kiwango cha awali ingekuwa 200,000 na angebaki na 9,800,000. Ili abaki na kiasi hicho hicho leo, sharti auze kwa takriban 10,470,000. Hata hivyo, uliza kwanza kama ameishi humo mfululizo kwa miaka mitatu iliyotangulia mauzo, kwani makazi ya namna hiyo husamehewa kodi hii.

Hatua ya 3. Pima pengo, ambalo hapa ni 470,000. Penye nyumba nyingi zinazotafuta wanunuzi, muuzaji hulimeza. Zikiwa adimu, mnunuzi huongeza. Mara nyingi, kwa maoni yangu, hutokea jambo la tatu lisilotajwa sana: mwenye nyumba ya zamani, ambaye faida yake ni kubwa, huamua kuipangisha badala ya kuuza, mauzo yakapungua bila bei kushuka.

Hatua ya 4. Kataa pendekezo la kuandika bei ya chini kwenye mkataba. Mbali na kuwa ni kosa, mthamini wa serikali anaweza kukadiria thamani iliyo juu zaidi na stempu ikatozwa juu ya hiyo. Isitoshe, mnunuzi anayeficha 2,000,000 huokoa 80,000 za stempu leo, lakini siku atakapouza, kiasi hicho kitahesabiwa kuwa faida yake, nacho kitatozwa 300,000.